MKONO WA MTOTO SI MALI YA TIMU

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Kwa miaka mingi wazazi na walimu wameitumia methali hiyo kuhimiza malezi ya mapema, na hapana shaka kwamba methali yenyewe ni ya kweli. Lakini wahenga hawakusema samaki avunjwe. Kukunja ni kazi ya subira, hufanywa kidogo kidogo, naye mkunjaji huangalia kila mara kama kilichomo mkononi mwake bado kinastahimili. Kuvunja hakuhitaji subira. Kunahitaji haraka na tamaa tu. Tofauti ya mambo hayo mawili imesahauliwa katika viwanja vingi vya softiboli nchini Marekani, ambako wasichana wa miaka 10, 12 na 14 hutupa mpira kwa nguvu zao zote, Jumamosi kutwa na Jumapili kutwa, na mara nyingi hapana mtu anayehesabu.

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, wakati George Hancock na wenzake walipobuni namna ya kucheza besiboli ndani ya jengo msimu wa baridi. Baadaye mchezo huo ulitoka nje, ukaenea nchini kote, na hatimaye ukawa mmoja wa michezo mikubwa ya wanawake wa Marekani. Si mgumu kuuelewa. Mtupaji husimama katikati ya kiwanja na kumtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo; nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Umbali baina ya mtupaji na mpigaji ni kiasi cha mita 10.7 kwa watoto wadogo, na mita 13.1 kwa wasichana wa shule za sekondari na vyuo vikuu. Mtupaji akiwa hodari, timu nzima huweza kushinda hata kama wachezaji wengine ni wa kawaida. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa maana aliye hodari ndiye atumwaye leo, na kesho, na keshokutwa.

Katika besiboli, ambao ni mchezo wa ndugu zao wa kiume, mkono hupita juu ya bega. Katika softiboli kanuni inaamuru mpira utupwe kwa chini. Mtupaji huruka mbele kwa mguu mmoja, mkono wake ukazunguka duara zima kama bawa la pangaboi, na mpira ukaachiwa karibu na nyonga. Kwa kuwa mkono hauko juu pale mpira unapotoka, imejengeka imani kwamba mtupo huo ni wa asili, na kwamba msichana anaweza kutupa asubuhi hadi jioni bila ya kudhurika. Imani hiyo imerithiwa na makocha, ikapokelewa na wazazi, na hatimaye ikaingia katika kanuni zenyewe.

Matokeo yake ni dhuluma iliyo wazi. Mwaka 2007 chama kikubwa cha besiboli ya watoto nchini Marekani, Little League, kilianza kuhesabu mipira anayotupa kila mvulana. Mwaka 2014 wakuu wa besiboli ya kulipwa, wakishirikiana na chama cha taifa cha mchezo huo, walitoa mwongozo wa kina: mtoto wa miaka 9 au 10 asizidishe mipira 75 kwa siku, wa miaka 11 au 12 asizidishe 85, na mtoto wa miaka 14 au chini yake aliyetupa mipira 66 au zaidi apumzike siku nne. Mwaka 2017 shule za sekondari zikafuata, kila jimbo likitakiwa liwe na kanuni yake ya hesabu ya mipira. Amri hiyo haikuigusa softiboli. Wasichana waliwekewa, pale walipowekewa chochote, mipaka ya zamu za mchezo. Lakini zamu si kipimo cha uchovu. Zamu moja yaweza kwisha kwa mipira minane, na nyingine ikachukua mipira arobaini. Kwa maneno mengine, mkono wa mvulana umepewa hesabu, na mkono wa msichana umeachiwa bahati.

Je, sayansi inaiunga mkono imani hiyo ya mtupo usiodhuru? Haiungi. Watupaji bora walipopimwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ilionekana kwamba nguvu inayouvuta mkono ili kuuchomoa kutoka katika bega ilifikia wastani wa asilimia 80 ya uzito wa mwili wa mtupaji. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba nguvu hizo hukaribiana na zile za watupaji wa besiboli. Mwaka 2009 wataalamu wa Chicago walipima kazi ya msuli wa mbele wa mkono, ule unaovimba mtu akikunja kiwiko, wakaona kwamba hufanya kazi kubwa zaidi katika mtupo wa softiboli kuliko katika mtupo wa juu. Kano ya msuli huo imejishikiza ndani ya bega, upande wa mbele. Basi si ajabu kwamba msichana anayetupa sana hushika sehemu hiyo hiyo, mbele ya bega, anapoulizwa inamuuma wapi.

La kutia wasiwasi zaidi ni lile lililochapishwa mwaka 2017, baada ya watafiti kuwafuata wasichana katika mashindano ya mwisho wa juma. Waliwapima nguvu za bega kabla na baada ya kutupa, siku baada ya siku. Ilidhihirika kwamba nguvu zilipungua, maumivu yakaongezeka, na usiku mmoja wa kulala haukutosha kuurudisha mwili mahali ulipokuwa. Msichana aliingia kiwanjani siku ya pili akiwa na deni la siku ya kwanza, na siku ya tatu akiwa na deni la siku mbili. Deni la mwili halina msamaha; hulipwa, na riba yake ni jeraha.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Karibu na ncha za mifupa yake mna sehemu laini ya gegedu ambayo ndiyo inayokuza mfupa. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na mara nyingi ni dhaifu kuliko hata kano zinazoivuta. Nguvu ile ile ambayo kwa mtu wa miaka 25 ingeleta uchovu wa misuli, kwa mtoto wa miaka 11 inaweza kuijeruhi sehemu ya ukuaji. Madaktari wamelijua jambo hilo tangu zamani. Ugonjwa wa kiwiko cha watoto watupaji wa besiboli ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1960. Kinachokosekana si elimu, bali ni nia ya kuitumia.

Juu ya wingi wa mipira limeongezwa jambo la pili, nalo ni kasi. Siku hizi kipima mwendo hakikosekani pembeni mwa viwanja vya watoto. Baba anakishika, kocha anakisoma, na mtoto, baada ya kila mtupo, hugeuka kutazama nambari kabla ya kutazama mpira umefika wapi. Mwaka 2012 Monica Abbott, mwanamke mzima aliyekomaa kimwili na kimchezo, alitupa mpira kwa mwendo wa maili 77 kwa saa, yaani kiasi cha kilomita 124, na ikawa rekodi ya dunia. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini rekodi ya mwanamke mzima imegeuzwa kuwa deni la watoto, nao hudaiwa kila wiki waongeze maili moja.

Wenzao wa besiboli wamekwisha kuonja uchungu wa mbio hizo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha vijana 95 waliokwisha kupasuliwa bega au kiwiko na wengine 45 wasiopata jeraha kubwa. Waliotupa kwa kasi ya zaidi ya maili 85 kwa saa walikuwa katika hatari zaidi ya mara mbili na nusu. Waliotupa zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa katika hatari mara tano. Na wale waliokuwa na desturi ya kutupa hali mkono umechoka, hatari yao ilikuwa mara 36. Nambari hiyo ya mwisho yapasa isomwe polepole. Kasi peke yake si adui mkubwa. Adui mkubwa ni kasi inayodaiwa kutoka katika mkono uliokwisha kusema basi.

Kwa nini basi wakubwa, ambao bila shaka huwapenda watoto wao, hukubali jambo la namna hiyo? Jibu haliko katika moyo. Liko katika mfuko. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Ilikuwa sheria ya haki, na matunda yake ni mengi. Vyuo vikuu vilifungua timu za wanawake, mashindano ya softiboli ya vyuo yakaanza mwaka 1982 chini ya chama kikuu cha michezo ya vyuo, na wasichana wakaanza kulipiwa masomo kwa sababu ya ustadi wao. Lakini katika nchi ambako elimu ya juu ni bidhaa ya bei kubwa, kila nafasi ya kulipiwa masomo huzaa soko. Wakatokea wenye timu binafsi za kulipia, waandaaji wa mashindano ya kulipia, na makocha wa kulipwa kwa saa. Biashara hiyo haina msimu wa kupumzika, kwa kuwa siku isiyo na mchezo ni siku isiyo na mapato. Mzazi naye, akiisha kulipa ada, nauli na hoteli, huona haya kumwondoa mwanawe kiwanjani kwa sababu ya bega tu.

Siku hizi dau limepanda zaidi. Mwaka 2024 mtupaji hodari NiJaree Canady alihamia Chuo Kikuu cha Texas Tech kwa mkataba uliotangazwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Mwaka 2025 aliifikisha timu yake katika fainali ya taifa, akitupa karibu mipira yake yote katika mashindano hayo, mpaka katika mchezo wa tatu wa fainali alipotolewa baada ya zamu ya kwanza. Hapana wa kumlaumu mwanamke mzima aliyeuza ustadi wake kwa bei inayostahili. Lakini msichana wa miaka 12 anayetazama nyumbani huziona dola, wala hauoni mzigo wa timu nzima ukiwa juu ya bega moja. Na kocha wake huona kwamba mwenye mtupaji mmoja wa namna hiyo hana haja ya kumfundisha wa pili.

Pamoja na tamaa ya fedha kuna pia ulevi wa ushujaa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Yukiko Ueno wa Japani alitupa mipira 318 katika michezo miwili ya siku moja, na kesho yake akatupa mingine 95 akawashinda Wamarekani na kuipatia nchi yake nishani ya dhahabu. Jumla ni mipira 413 kwa siku mbili. Dunia ilimshangilia, na haki yake apewe. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 39, alishinda tena dhahabu Tokyo. Lakini Ueno alikuwa na miaka 26 siku zile za Beijing, mifupa yake imekwisha kukomaa, na nyuma yake mna miaka mingi ya matayarisho. Kumwonyesha mtoto wa darasa la sita mfano wa Ueno, kisha kumwambia naye atupe vivyo hivyo, ni kumwonyesha meli ya baharini na kumwambia avuke mkondo huo huo kwa mtumbwi.

Wajapani wenyewe, ambao walikuwa wakiuheshimu ustahimilivu wa namna hiyo kuliko wengi, wamelazimika kufikiri upya. Katika mashindano mashuhuri ya besiboli ya shule za sekondari, yale ya Koshien, kijana Daisuke Matsuzaka alitupa mipira 250 katika mchezo mmoja wa zamu 17 mwaka 1998, akawa shujaa wa taifa. Mwaka 2013 kijana mwingine, Tomohiro Anraku, alitupa mipira 772 katika mashindano moja tu ya majira ya kuchipua, na safari hiyo sauti za kuuliza zikasikika mpaka nje ya Japani. Hatimaye, mwaka 2020, shirikisho la besiboli la shule hizo lilianza kutumia kanuni ya kutozidi mipira 500 kwa wiki moja. Waweza kusema kwamba 500 bado ni nyingi. Lakini jamii iliyokuwa ikisema kwamba kuhesabu ni uoga, sasa inahesabu. Hilo si jambo dogo.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba misuli hujengwa kwa kazi, na kwamba mtoto anayedekezwa hatakuwa mchezaji kamwe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mkono usiofanyishwa kazi hudhoofika, na kwamba kano na mfupa huimarika kwa kubebeshwa mzigo. Ni kweli pia kwamba msichana anayetaka kujua kutupa kwa nguvu hana budi kutupa kwa nguvu. Lakini mkulima naye hujua kwamba jembe hukuza shamba, wala halimi shamba hilo hilo usiku na mchana. Mwili huimarika wakati wa kupumzika baada ya kazi. Asiyepumzika hajengi, anabomoa. Kutupa kwa nguvu si kosa. Kosa ni kutupa kwa nguvu bila hesabu, bila mapumziko, na bila ya ruhusa ya kusema, “Naumwa.”

Tena nguvu ya mtupo haitoki mkononi peke yake. Huanzia mguuni, ikapanda nyongani na kiunoni, ndipo ikafika begani. Mtoto ambaye miguu na kiuno chake ni dhaifu, au kimechoka, hulitaka bega lilipe upungufu huo. Basi kocha anayetafuta kasi kwa kuamuru mipira mingi zaidi anakamua ng’ombe bila ya kumlisha. Angemfundisha mtoto kuruka, kukimbia, kuchuchumaa na kusimama vyema, angepata kasi hiyo hiyo bila ya kumgharimu bega.

Mambo haya hayako mbali na Tanzania kama yanavyoweza kudhaniwa. Besiboli na softiboli zimekwisha kuingia katika baadhi ya shule nchini kwa juhudi za marafiki wa Kijapani, na mwaka 2018 kiwanja cha mchezo huo, kilichopewa jina la Koshien, kilifunguliwa katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Mchezo bado ni mchanga, na huo ndio wasaa mzuri. Asiyejenga ukuta wakati tofali ni moja moja hujenga baadaye kwa gharama kubwa. Anayepokea mchezo kutoka kwa wageni ana haki ya kupokea ustadi wao na kuyaacha makosa yao mlangoni.

Na hatari ya makosa hayo ipo. Shule yenye msichana mmoja tu ajuaye kutupa itashawishika kumtumia katika kila mchezo, hasa pale mashindano yanapobanwa katika siku chache kwa sababu ya nauli na malazi. Hapo hakuna tajiri wala dola. Kuna heshima ya shule tu. Lakini bega haliulizi kama limechoshwa kwa ajili ya fedha au kwa ajili ya kombe. Punda afe, mzigo ufike, ni usemi wa mwenye mzigo; punda hakuulizwa.

Dawa yake si ghali. Haihitaji mashine wala fedha za kigeni. Inahitaji daftari na penseli. Kila mchezo uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu mipira ya kila mtupaji, na hesabu hiyo aone kocha wa pande zote mbili. Pale ambapo softiboli haina kipimo chake, vipimo walivyowekewa wavulana wa besiboli vyatosha kuanzia, maana hapana sababu bega la msichana lithaminiwe chini ya hilo. Kila timu ifundishe watupaji watatu au zaidi, ili mmoja akipumzika mwingine aingie. Kufanya hivyo ni kueneza ustadi kwa wengi badala ya kuulimbikiza kwa mmoja. Mtupaji apewe miezi kadhaa kila mwaka ya kucheza mchezo mwingine, uwe netiboli au mbio. Na waandaaji wa mashindano wapange ratiba kwa kuitazama miili ya watoto kabla ya kutazama kalenda ya wageni rasmi.

Zaidi ya yote, mtoto afundishwe kwamba kusema maumivu yake si utovu wa nidhamu. Wasichana wengi hulelewa kuvumilia na kunyamaza, na kocha asiye na busara huutumia unyamavu huo kama idhini. Kocha mwema huuliza kabla ya kuambiwa. Humtazama mtoto anavyovaa shati baada ya mchezo, anavyoshika kikombe, anavyobeba mkoba wake wa shule. Akiona mkono mmoja unausaidia mwingine, anajua kwamba mchezo wa kesho kwa mtoto huyo umekwisha.

Michezo mashuleni haikuanzishwa ili kuwapa wakubwa vikombe vya kupanga kabatini. Ilianzishwa ili kujenga afya, akili na umoja wa vijana. Mkono anaotumia msichana kutupa mpira leo ndio atakaoandikia mtihani, atakaoshikia jembe au sindano ya hospitali, na atakaombebea mwanawe. Timu imeazimwa mkono huo kwa saa chache tu. Aazimaye hutumia kwa adabu, akarudisha kitu kikiwa kizima. Samaki na akunjwe, basi, angali mbichi. Lakini yule anayemkunja asisahau kutazama mikono yake mwenyewe inafanya nini.